Moshi wa Jirani Katika Nyumba ya Kupanga

Miongoni mwa malalamiko yanayofika katika ofisi za parokia zetu za mijini, lipo moja ambalo mwenye kulileta huanza kwa kuomba radhi: "Padre, najua hili ni jambo dogo." Jambo lenyewe ni moshi. Mwamini amepanga chumba na sebule katika nyumba yenye familia tano au sita. Jirani wa mlango wa pili huwasha jiko la mkaa koridoni, au hukaanga samaki wa biashara chini ya dirisha, au huvuta sigara uani kila usiku. Wa nyumba ya nyuma huchoma taka kila Jumamosi. Moshi wote huo huishia katika chumba ambamo mtoto amelala. Mwamini huyo hajui afanye nini. Akisema, ataonekana mgomvi. Asiposema, mtoto anakohoa.

Jambo hili si dogo, wala haliko nje ya imani. Linagusa amri ya tano ya Mungu, linagusa haki kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na linagusa namna Wakristo wanavyopaswa kuambiana ukweli. Inafaa lielezwe kwa utulivu, maana wengi wamepoteza ujirani wa miaka mingi kwa kulishughulikia vibaya, na wengine wamepoteza afya kwa kutolishughulikia kabisa.

Moshi tuliouzoea

Wengi wetu tumekulia ndani ya moshi, na mtu haogopi alichokulia. Husemwa kwamba bibi zetu walipika kwa mafiga matatu na bado wakaishi miaka themanini, basi moshi haujamuua mtu. Hoja hiyo inawahesabu walioishi tu. Haiwahesabu watoto waliozikwa kwa ugonjwa ulioitwa "kifua", bila mtu kuuliza kifua hicho kilitoka wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5.

Kinachodhuru zaidi ni chembechembe ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hizo takriban mara thelathini. Kwa udogo wake hazizuiliwi na pua wala koo. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua, hivyo moshi uleule unaomtoa baba machozi tu unaweza kumfikisha mtoto hospitali. Kwa mwenye pumu, mjamzito, mzee mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuugua kifua kikuu, hali ni ya namna hiyohiyo. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, kadhaa kati yake zikisababisha saratani, na wataalamu wa afya hawatambui kiwango chochote cha moshi huo kilicho salama kwa mtu anayeuvuta kutoka kwa mwenzake. Taka zenye plastiki, viatu vya raba na waya zinapochomwa hutoa sumu nyingine ambazo harufu yake kali ni onyo tosha.

Nyumba zetu za kupanga nazo huusaidia moshi kusafiri. Mara nyingi kuta zinazotenganisha vyumba hazifiki kwenye bati. Zinaishia kwenye kenchi, na juu yake kuna uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Penye dari, dari hiyo huwa moja kwa nyumba nzima. Jiko likiwashwa chumba cha kwanza, moshi hupanda, hutembea juu ya kuta na kumshukia aliye chumba cha nne, ambaye hajui hata umetoka wapi. Koridoni nako hewa huvutwa kuelekea upande wenye mlango ulio wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kumlaumu jirani wa kulia kumbe mwenye jiko ni wa kushoto.

Hapa lipo onyo ambalo halipaswi kusubiri mwisho wa makala. Wapo watu ambao, wakiukimbia moshi wa jirani, hufunga madirisha yote, huziba chini ya mlango kwa nguo, kisha huingiza jiko lao la mkaa ndani kwa sababu mkaa umekwisha kuwa mwekundu na hautoi moshi tena. Mkaa mwekundu hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mtu hulala usingizi asiamke. Familia nzima zimekufa kwa njia hiyo. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba na watu, hata usiku wa baridi, hata kama limefunikwa majivu.

Amri ya tano inasemaje

Tulipofundishwa Amri za Mungu tukiwa watoto, amri ya tano tuliielewa kama habari ya panga na bunduki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaipanua zaidi. Katika namba 2288 inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuvitunza kwa busara tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Namba 2290 inaitaja tumbaku waziwazi pamoja na chakula na pombe, katika orodha ya mambo ambayo fadhila ya kiasi inatutaka tusiyatumie kupita kadiri. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aya ya 20, aliwataja watu wanaougua kwa kuvuta moshi mwingi wa nishati za kupikia na kupashia joto, akikumbusha kwamba uchafuzi wa hewa huwaumiza hasa maskini. Papa huyohuyo aliamua kwamba kuanzia mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena ndani ya Vatikani, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikiingiza fedha, kwa sababu Kiti Kitakatifu hakiwezi kushirikiana na jambo linalodhuru afya ya watu.

Maandiko Matakatifu yalilijua tatizo hili mapema. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaeleza habari ya mtu aliyewasha moto, moto ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya mwenzake; sheria ikaamuru kwamba aliyewasha alipe. Angalia kwamba sheria haikuuliza kwanza kama alikusudia. Moto ulikuwa wake, na kilichotokea nje ya mpaka wake kilimhusu. Moshi haulindwi na sheria nyepesi kuliko hiyo kwa sababu tu haushikiki mkononi.

Hata hivyo hatuna haki ya kuruka kutoka hapo hadi kumwita jirani mtenda dhambi. Teolojia ya maadili hutofautisha kati ya tendo lenye madhara na hatia ya mtendaji. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, kutokuwa mwangalifu, mazoea na mambo mengine. Mama anayewasha jiko alfajiri ili akaange maandazi ya kuuza anafikiria ada ya shule. Hajui kwamba moshi wake unapita juu ya ukuta. Hajui kwamba mtoto wa chumba cha nne ana pumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Kabla ya kuambiwa, tendo lake ni bahati mbaya. Baada ya kuambiwa, dhamiri yake inafungwa. Akijua na akaendelea vilevile ilhali njia ya kubadilisha ipo, hapo ndipo amri ya tano inapoanza kumhoji.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza unamwangukia mwenye kuumia, nao ni mzigo wa kusema. Mwamini anayenyamaza miezi sita huku moyo wake ukijaa uchungu anamnyima jirani yake kitu anachokihitaji ili atende haki: habari. Wengine huita ukimya huo uvumilivu wa Kikristo. Nadhani mara nyingi ni woga tu. Uvumilivu wa Kikristo huchukua mateso yasiyoepukika, na kamwe haumpi mtoto mateso ambayo mazungumzo ya dakika kumi yangeweza kuyaondoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Namna ya kusema

Bwana wetu ametupa utaratibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: kwanza mwendee peke yenu, kisha chukua mmoja au wawili, kisha liambie Kanisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akieleza maonyo ya kindugu katika Summa yake, anayaweka chini ya fadhila ya mapendo, na anasisitiza yafanywe kwa kuzingatia mahali, wakati na hali ya mtu. Tukiuchukua utaratibu huo hadi uani kwetu, unakuwa na sura ifuatayo.

Kabla ya kwenda, hakikisha. Kwa muda wa wiki moja andika saa moshi unapoingia, upande unakotoka, ni wa mkaa, kuni, sigara au taka, na mtoto alikuwaje usiku huo. Daftari hilo litakuzuia usimshitaki asiyehusika. Litakusaidia pia kusema jambo dogo lenye ukweli, "asubuhi kati ya saa kumi na moja na saa moja," badala ya jambo kubwa la uongo, "kila siku mnatutesa." Katika kujihakikishia, kumbuka pia kujichunguza: jiko lako mwenyewe huliwasha wapi?

Usiende moshi ukiwa unafuka. Saa hiyo wewe una hasira na yeye ana sufuria motoni. Nenda jioni kazi zimekwisha, au Jumapili mchana. Piga hodi, msalimie kadiri ya umri wake, uulize habari za watoto, kaa kama umekaribishwa. Kisha sema shida yako kama shida, bila kuipa sura ya mashtaka: "Mama Fulani, nimekuja kwako na tatizo naomba unisaidie. Mwanangu ana pumu, na alfajiri moshi unaingia chumbani kwetu kwa juu. Najua biashara yako ndiyo inayokusomeshea watoto, sitaki isimame. Je, tunaweza kutafuta namna?" Maneno hayo yana mambo matatu ambayo jirani anahitaji kuyasikia: kuna nani anayeumia, kazi yake inaheshimiwa, na ufumbuzi utatafutwa na wote wawili.

Mwanamume mwenye kuvuta sigara ni afadhali aendewe na mwanamume mwenzake, hasa kama ni mtu mzima kuliko mlalamikaji. Kijana hamwambii mzee jambo hili peke yake mbele ya watoto wa mzee. Amtume mtu wa rika lake. Adabu zetu katika mambo haya zinajua kazi yake, na anayezipuuza kwa kisingizio cha kusema ukweli hupoteza masikio ya yule aliyetaka amsikie.

Zipo njia za kusema ambazo ni afadhali mtu anyamaze kuliko kuzitumia. Kufunga dirisha kwa kishindo. Kukohoa kwa makusudi koridoni. Kuimba pambio la mafumbo. Kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, au kuweka maneno ya mafumbo katika "status" ili mhusika ajitambue mwenyewe. Mhusika hujitambua kweli, ila pamoja naye nyumba nzima, na baada ya hapo hawezi kubadilika bila kuaibika. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo nayo isigeuzwe baraza la kumsema asiyekuwapo. Ni kinyume cha Injili kutaja jina la jirani katika maombi ya waamini, "tumwombee dada yetu aache kututesa kwa moshi," kabla mtu yeyote hajapiga hodi mlangoni kwake. Katekisimu, namba 2477, inaita kufichua makosa ya mwenzako bila sababu ya haki kwa jina lake: masengenyo.

Nafasi nzuri ya jumuiya ni nyingine. Mazungumzo yakifanyika, mara nyingi jirani hukubali haraka, kisha tatizo linakuwa fedha. Ni kweli Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, na gesi hudai fedha ya pamoja. Anayekula kwa alichopata leo hawezi kirahisi kutoka katika kopo. Jumuiya zetu ni hodari wa kuchangia jeneza na sanda. Zinaweza pia kuchangia mtungi mdogo wa gesi au jiko banifu kwa mama anayekaanga maandazi, awe Mkatoliki au la, na mchango huo ukawa mdogo kuliko rambirambi tutakayoitoa siku nyingine.

Si kila ufumbuzi unahitaji fedha. Moshi mwingi wa jiko la mkaa hutoka wakati wa kuliwasha. Likiwashiwa mbali, upande ambao upepo unaelekea nje ya nyumba, likaletwa karibu baadaye, nusu ya ugomvi imekwisha. Kuni kavu hutoa moshi mdogo kuliko mbichi, kwa hiyo zianikwe na kufunikwa msimu wa mvua. Vipande vya plastiki visitumike kuwashia. Majani yaliyofagiliwa uani yafukiwe yawe mboji badala ya kuchomwa. Mvutaji sigara akikubali kusogea hatua ishirini kutoka madirishani, amekuwa jirani mwema hata kabla hajaacha sigara.

Sisi tunaohudumu altareni tunao moshi wetu pia, na haki ni kuutaja. Ubani ni ishara ya sala inayopanda kwa Mungu, nami naupenda. Lakini watumishi wa altare wafundishwe kwamba chetezo hakipaswi kuwajaza moshi wagonjwa wa pumu waliokaa viti vya mbele, na waamini wenye ugonjwa huo waelekezwe mahali penye hewa bila kuonekana wasio na ibada.

Wajibu wa mwenye nyumba

Malalamiko mengi ya moshi huonekana kuwa kati ya mpangaji na mpangaji, kumbe chanzo chake ni ujenzi. Nyumba ya vyumba sita isiyo na jiko la pamoja imekwisha kuamua kwamba watu sita watapikia koridoni. Mita moja ya LUKU kwa familia zote imekwisha kuamua kwamba hakuna atakayeruhusiwa jiko la umeme, maana kila mmoja atamshuku mwenzake kuhusu uniti. Mwenye nyumba anayekataza jiko la umeme, hatengi mahali pa kupikia, kisha anawaambia wapangaji "mmalizane wenyewe", amejitoa katika jambo lililoanzia kwake.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, linamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Paa za Waisraeli zilikuwa bapa na watu waliketi juu yake, hivyo mjenzi alipaswa kuwafikiria watakaokaa kabla ya ajali kutokea. Ukingo wa siku zetu ni ukuta unaofika kwenye bati, tundu la hewa lililowekwa upande unaofaa, na banda dogo la kupikia lenye bati chache nyuma ya nyumba. Ni gharama, lakini haizidi uwezo wa mtu anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo kutoka kwa familia sita. Kodi hiyo hulipwa kwa ajili ya makao, na makao ambamo mtu hawezi kupumua hayajakamilika. Nawaandikia hivyo waamini wenye nyumba nikijua kwamba wengine ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo hiyo. Kwa hao ukarabati ufanyike kidogo kidogo. Kuziba uwazi juu ya ukuta wa chumba chenye mgonjwa kunaweza kuanza mwezi huu.

Mpangaji naye amwendee mwenye nyumba kwa heshima na bila kumchongea mwenzake. Ni afadhali aseme "mama mwenye nyumba, tunaomba mahali pa kupikia" kuliko "mfukuze yule." Ombi la kwanza linamsaidia kila mtu, la pili linaweza kumtupa barabarani mama mwenye watoto wanne.

Kama hasikii

Wapo wasiosikia. Umekwenda peke yako, umekwenda na mtu mwingine, mwenye nyumba ameambiwa, na moshi unaendelea. Hapo waamini wengine huniuliza kama ni dhambi kumpeleka jirani mbele ya Serikali, wakikumbuka jinsi Mtume Paulo alivyowakaripia Wakorinto walioshitakiana. Tukiisoma vizuri sura ile ya sita, Paulo anasikitika kwamba hakupatikana kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuwapatanisha. Anahimiza usuluhishi, hamzuii mzazi kumlinda mtoto wake. Tena jirani huyo huenda si Mkristo, na hatua ya "liambie Kanisa" haimhusu. Kwake yeye, anayeweza kuwa mpatanishi wa haki ni mjumbe wa mtaa.

Anza basi kwa mjumbe, kisha mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Daftari lako liende nawe, pamoja na cheti cha daktari kama kipo. Ikihitajika, afisa afya wa kata anaweza kuja kuona kwa macho. Neno lake mara nyingi hutosha, hasa kwa wachoma taka. Kama moshi ni wa karakana, tanuri la mkate au kiwanda kidogo kilichoingia kati ya makazi, malalamiko yanaweza kufikishwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na haibagui mwenye nyumba na mpangaji. Baada ya shauri, endelea kumsalimia jirani yako. Anayeshinda kwa mjumbe na kuacha kusalimia amepata hewa safi na kupoteza kingine, naye Jumapili atakutana na maneno ya Mathayo sura ya 5 kuhusu sadaka inayoachwa mbele ya altare mpaka mtu apatane na ndugu yake.

Kuhama nako si kushindwa. Wachungaji wa Abrahamu na wa Lutu walipogombana kwa kubanana, Abrahamu alimwachia mpwa wake achague upande, wakatengana kwa amani. Daktari akisema mtoto hawezi kukaa hapo, hama mapema uwezavyo. Kama kodi ililipwa mbele na miezi imebaki, mwenye nyumba aliyeshindwa kuondoa tatizo aonapo mpangaji anahama kwa sababu hiyo, haki inamtaka arudishe kilichobaki, hasa akipata mpangaji mwingine mara moja. Kupokea kodi mbili za mwezi mmoja kwa chumba kimoja ni suala la amri ya saba.

Na kwa anayetafuta chumba sasa: dalali atakuonyesha saa sita mchana, majiko yote yamezimwa na watu wako kazini. Rudi peke yako saa kumi na mbili jioni, na ukiweza alfajiri moja. Simama katikati ya chumba, tazama juu kama ukuta umefika kwenye bati. Uliza taka za nyumba huenda wapi. Uliza wapangaji wanapikia wapi mvua ikinyesha, maana hapo ndipo majiko yote huingia koridoni. Zungumza na mama utakayemkuta akifua uani. Atakuambia mengi kuliko dalali. Mkitia saini mkataba, omba iandikwe mahali pa kupikia na kwamba taka hazichomwi kiwanjani, halafu ndipo uhesabu fedha.